"Mbona sisi hatukufa?"

KILA mwaka ifikapo wiki ya pili ya Desemba kliniki yangu hapa Eastlands, jijini Nairobi, hubadilika sura. Wagonjwa wa kawaida hupungua, na mahali pao huchukuliwa na akina mama na akina baba wenye haraka. Huyu anataka dawa ya mtoto anayetapika garini. Yule anataka tembe za presha za mzee za mwezi mzima, maana huko mashambani duka la dawa liko mbali. Mwingine anauliza kama kuna sindano ya kuzuia malaria. Mji unajiandaa kuhama, na anayeelekea Kakamega, Siaya, Kitui au Meru hana subira ya kupimwa. Anachotaka ni dawa na safari njema.

Nami nina swali langu moja ambalo huwauliza wote walio na watoto wadogo: "Mtoto atakaa wapi garini?"

Desemba iliyopita baba mmoja kijana, mwenye gari jipya kutoka Japani (jipya kwake, kwa kweli lilikuwa na umri wa miaka saba), alinicheka. "Daktari, atapakatwa na mamake. Kwani sisi hatukupakatwa? Mbona hatukufa?" Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwandikia dawa ya mtoto, nikamtakia heri, akaenda zake. Lakini maneno yake yamenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwa sababu huyasikia kila mara, hata vinywani mwa watu waliosoma, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kupakatwa. Makala haya ndiyo jibu ambalo sikumpa.

Kwanza nikiri kwamba ninamwelewa. Hakuna kumbukumbu ya utotoni iliyo tamu kwangu kuliko safari za Krismasi.

Kwetu tulizaliwa watano. Baba alikuwa karani katika kampuni moja ya Industrial Area, na alikuwa na Peugeot 504 nyeupe, ile ndefu yenye safu tatu za viti ambayo Mkenya yeyote wa rika langu anaijua. Gari hilo lilikuwa fahari ya ukoo mzima. Baba hakuchoka kutukumbusha kwamba Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kila Desemba tulisafiri nalo kutoka Nairobi hadi nyumbani karibu na Busia, mwendo wa zaidi ya kilomita 450, na kamwe hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na shangazi, mjomba aliyekosa nauli, na mtoto wa jirani anayepelekwa kwa nyanya yake. Nakumbuka mwaka mmoja tulikuwa watu 11. Hesabu ya viti ilikuwa rahisi: wakubwa walikaa, wadogo walipakatwa, na waliosalia walijipanga kule nyuma juu ya mabegi na blanketi kama viazi guniani.

Tuliondoka usiku. Baba alifika kutoka kazini jioni, akala, akafunga godoro kwenye keria kwa kamba, akalikagua gari kwa tochi, na ilipofika saa nne tukang'oa nanga. Mama alikuwa amepika mandazi na kuchemsha mayai, na harufu ya mayai hayo ndani ya gari lililofungwa madirisha ndiyo iliyomfanya kaka yangu mkubwa atapike kabla hatujafika Naivasha. Kila mwaka, mahali pale pale. Mwaka mmoja alitapika ndani ya kofia ya baba, na hadithi hiyo imesimuliwa katika kila harusi na kila matanga ya familia yetu hadi leo.

Kericho tulipita gizani. Nilikujua kwa harufu ya mvua na majani chai. Halafu barabara ilianza kuteremka, hewa ikawa nzito na ya joto, na tulipoamka ilikuwa alfajiri, tuko Ahero, mashamba ya mpunga yakimetameta kila upande. Hapo ndipo mtoto alipojua kwamba Krismasi imefika. Tulipofika Maseno, pale ambapo barabara inakata ikweta, baba alisimamisha gari kila mwaka bila kukosa, na kila mmoja wetu akateremka kusimama mguu mmoja kusini na mguu mmoja kaskazini mwa dunia. Kisha Yala, kisha Ugunja, kisha nyanya akiwa mlangoni amefunga leso yake mpya.

Kurudi tulirudi mchana, gari likiwa limejaa karanga, ndizi, omena na jogoo mmoja au wawili waliofungwa miguu. Ndiyo maana Bonde la Ufa nalikumbuka kwa mwangaza wa jua: karoti na viazi vya Kinungi vimepangwa kando ya barabara, na ukishika njia ya chini ya Mai Mahiu, kile kikanisa kidogo ambacho wafungwa wa vita wa Kiitaliano walikijenga mwaka wa 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Jogoo mmoja aliwahi kujifungua kamba Gilgil, akarukia usukani. Hadithi hiyo pia husimuliwa.

Kuna hadithi moja ambayo haisimuliwi.

Desemba 1987 nilikuwa na umri wa miaka minane. Dada yetu kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu, na kama kawaida alikuwa amepakatwa na mama kiti cha mbele, amelala fofofo. Tulikuwa tumepita Nakuru na tunapanda kuelekea Mau Summit. Kulikuwa na ukungu. Lori lilikuwa limeharibika katikati ya njia, halina taa, na dereva wake alikuwa ametandaza matawi barabarani kuonya wengine, kama wafanyavyo hadi leo. Baba aliyaona matawi yale akiwa amechelewa. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na gari likapunguza mwendo sana, hata tulipoligusa lori lile kwa nyuma haikuwa ajali ambayo gazeti lingeandika. Taa moja ilipasuka na boneti ikakunjamana. Sisi wa nyuma tulirushwa, tukaangukiana, tukaamka tukilia. Hakuna aliyevunjika hata kidole.

Isipokuwa dada. Kichwa chake kiligonga dashibodi, na mama, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alimwangukia kwa uzito wake wote. Mkanda ulikuwepo. Naukumbuka vizuri: ulikuwa umebanwa kati ya kiti na mlango, umejaa vumbi, na sikumbuki hata siku moja kumwona mtu akiufunga. Dereva wa lori jingine aliwachukua mama na dada hadi hospitali moja mjini Nakuru. Dada hakuzinduka hadi siku ya pili. Alikaa wodini wiki tatu, na Krismasi ile tuliila kwa jamaa wa baba hapo Nakuru, ingawa neno kula si neno lake.

Alipona, na watu wakashukuru Mungu. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili akaanguka shuleni kwa kifafa chake cha kwanza. Ubongo uliojeruhiwa huweza kubaki na kovu, na kovu hilo huweza kuanza kutoa mitetemo yake miezi au hata miaka baadaye; leo namweleza mgonjwa jambo hili kwa dakika mbili, lakini wakati ule hakuna aliyetueleza, na jamaa wengine walikuwa na maelezo yao ambayo sitayarudia gazetini. Dada yangu sasa ana miaka 41. Ni mhasibu, ana watoto wawili, na humeza dawa asubuhi na jioni. Hawezi kuendesha gari. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, naye amenipa.

Kwa hivyo, kijana wangu uliyeniuliza mbona hatukufa: ni kweli, hatukufa. Lakini hebu fikiria ni nani anayelitoa jibu hilo. Ni yule aliyebaki. Mtoto aliyekufa mwaka wa 1987 kwenye mteremko fulani hakai mezani siku ya Krismasi na kusema, "Mimi nilipakatwa, nikafa." Kiti chake kiko wazi, na watu wa heshima hawakitaji. Ukikusanya ushahidi kwa manusura peke yao, hata vita vitaonekana kuwa salama. Nasi tuliobaki tumejifunza kusimulia kofia na jogoo, na kunyamazia mengine.

Sasa nieleze kwa nini mikono ya mama haitoshi, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi hukosana nami. Kila mama anaamini kwamba atamshika mwanawe. Tatizo ni kwamba mapenzi hayana lao mbele ya uzito na mwendo. Gari linapokwenda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga, lenyewe linasimama, lakini kilichomo kinaendelea na safari mpaka kizuiwe na kitu: mkanda, kioo, dashibodi au mwili wa mtu mwingine. Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani orofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10, ikiwa atasimamishwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, atavuta mikono inayomshika kana kwamba ana kilo 140. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi la kilo 90. Nionyeshe mama anayeweza kulidaka gunia hilo likianguka, tena akiwa anasinzia. Na kumbuka kwamba kilomita 50 kwa saa ni mwendo wa Jogoo Road, si wa barabara kuu ya Nakuru.

Halafu kuna wale wanaofunga mkanda mmoja wakamzungushia na mtoto aliye mapajani. Wanadhani wamefanya jambo la busara. Wamefanya kinyume. Gari likigonga, mwili wa mtu mzima humsukuma mtoto dhidi ya mkanda huo huo, na mkanda humminya tumboni na kifuani. Afadhali uufunge mkanda wako peke yako.

Mtoto anapaswa kuwa na mahali pake, kiti cha nyuma. Mchanga akae kwenye kiti cha mtoto kilichofungwa garini, uso ukitazama nyuma, kwa muda mrefu kadiri kiti kitakavyomruhusu, na kamwe asiwekwe hivyo kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa, kwa maana mfuko huo ukifumuka huweza kumuua. Aliyekua kidogo akae kwenye kiti cha kumwinua, hadi atakapofikisha kimo cha takriban sentimita 135, ili mkanda wa watu wazima umpite begani na kwenye nyonga badala ya shingoni na tumboni. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa hadi asilimia 71. Katika kazi yangu ni dawa chache sana ambazo naweza kuzisifu kwa kiwango hicho.

Utaniambia ni ghali. Ni kweli kwamba kiti kipya si cha bei ya mchezo. Lakini nimeyaona magari yenyewe yakiegeshwa nje ya kliniki yangu, na nimeona redio zilizowekwa humo, na magurudumu yanayong'aa, na rangi ya vioo. Aliyeweza hayo hanishawishi kwamba ameshindwa na kiti. Kwa asiyeweza kabisa, cha mitumba si dhambi, mradi ujue kimetoka wapi. Kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali usikiguse, hata kama hakina ufa unaoonekana. Unaweza pia kuazima kwa ndugu ambaye mtoto wake amekua. Tunaazimana sufuria za harusi na hema za matanga; sioni aibu iko wapi.

Msomaji asiye na gari atakuwa ananicheka sasa hivi, na ana haki. Wengi wenu mtasafiri kwa matatu au basi, na mnalijua neno la utingo: "Mtoto apakatwe!" Nauli ya Desemba imepanda maradufu, na kumlipia mtoto wa miaka minne kiti kizima kunauma. Mwaka wa 2004, mwezi wa Februari, sheria za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, zilipoanza kutekelezwa, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo, na kila abiria akawa na kiti chake. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati huo, na nakumbuka jinsi tulivyoshangaa kupanda gari lenye watu 14 tu. Leo mikanda mingi katika magari hayo inaning'inia bila kifungo, au ni michafu kiasi kwamba abiria anaogopa shati lake. Shati hufuliwa. Mlipie mtoto kiti ikiwa unaweza kwa namna yoyote, akae ndani na si karibu na mlango, na wala si pale mbele kando ya dereva. Kabla ya kulipa, vuta mkanda uone kama unafunga; usipofunga, dai kiti kingine au gari lingine. Na ikiwa huna la kufanya ila kumpakata mchanga, funga mkanda wako wewe mwenyewe kwanza, mtoto awe nje ya mkanda huo. Hiyo si kinga kamili. Ni afadhali tu kuliko mkae wote wawili bila kufungwa na chochote.

Kuna jambo la pili kuhusu usiku ule wa 1987 ambalo nilichukua miaka mingi kulikubali, kwa sababu linamhusu baba yangu, na baba yangu alikuwa mtu mwangalifu. Hakunywa pombe. Hakuendesha kasi. Lakini siku ile alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, na tuliondoka Nairobi saa nne za usiku. Alishika usukani akiwa tayari amekaa macho saa 17. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuona na kuamua sawa na mtu ambaye kilevi kimefikia asilimia 0.05 katika damu yake. Tulipofika kwenye ukungu ule alikuwa na saa 20. Sijui kama alisinzia. Hatukumwuliza, naye hakusema mpaka alipofariki. Ninachojua ni kwamba matawi huonekana, na aliyaona yakiwa karibu mno. Dereva akifumba macho kwa sekunde nne tu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huwa limekwenda karibu mita 90, urefu unaokaribia wa uwanja wa kandanda, bila mtu kwenye usukani.

Sababu za kusafiri usiku nazijua zote, maana baba alizitaja kila mwaka. Injini haichemki. Watoto wanalala. Hakuna msongamano Nakuru. Unafika asubuhi na siku yote ni yako. Hakuna hata moja iliyo ya uongo. Lakini angalia ajali zetu kubwa zinatokea lini. Mnamo Desemba 31, 2017, kabla ya kupambazuka, basi lililotoka Busia kuelekea Nairobi liligongana ana kwa ana na lori huko Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Ni barabara ile ile, si mbali na mahali tulipogonga sisi miaka 30 kabla. Serikali ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, kisha baada ya muda ikalegeza. Tangu mwaka wa 2021 ajali zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka hapa nchini, kwa takwimu za serikali yenyewe. Duniani kote hakuna ugonjwa unaoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Ndiyo maana mimi, daktari wa mafua na presha, naandika juu ya magari katika ukurasa wa afya.

Basi lala kwanza, uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Mkifika jioni mtakuwa mmechoka, na watoto watakuwa wamewasumbua, na mtakuwa mmesimama mara saba ili mtu ajisaidie. Hiyo ndiyo safari. Kila saa mbili dereva ateremke anyooshe miguu. Akianza kupiga miayo au kusahau kilomita chache zilizopita, kahawa peke yake haitamsaidia sana. Aegeshe mahali salama penye watu, alale dakika 20.

Kuhusu kutapika, ambako ndiko kunakowaleta wengi kwangu, nitasema kwa ufupi. Sikio la ndani linamwambia ubongo kwamba mwili unakwenda, huku macho ya mtoto aliyefunikwa na mabega ya watu yanasema ametulia tuli. Ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linalolipa. Wachanga wa chini ya miaka miwili kwa kawaida hawasumbuliwi. Wanaoteseka zaidi ni wa kati ya miaka sita na 12. Mtoto aone nje, atazame mbali, asichezee simu wala kusoma, ale kitu chepesi kabla ya safari, na dirisha lifunguliwe kidogo. Mayai ya kuchemsha yabaki nyumbani. Namshtaki mama yangu kwa hilo. Ndimu na tangawizi sina ugomvi nazo. Ile desturi ya kukalia gazeti haina msingi wowote ninaoujua, ingawa mhariri wangu pengine angependa muendelee nayo.

Lakini kuna jambo moja ambalo huniudhi. Wazazi wengine huja kutaka dawa ya kikohozi au ya mzio "ili mtoto alale njiani." Dawa hizi za kulewesha si za kuchezea. Ile iitwayo promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa maana inaweza kumdhoofisha pumzi, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma gizani akikosa pumzi hakuna atakayemwona. Mtoto anayelia njiani ni mtoto mzima.

Na safari haiishi mnapofika. Watoto waliozaliwa na kukulia Nairobi hawana kinga ya mwili dhidi ya malaria kama walivyo nayo binamu zao wa Busia au Homa Bay. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Septemba 2019 ilipelekwa kwa watoto wa kule kando ya ziwa, si kwa huyu wako wa mjini anayekwenda wiki mbili. Beba neti iliyotiwa dawa, hata kama nyanya atasema unamdharau. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza baada ya mbu kuuma, kwa hivyo mtoto ataondoka mashambani akicheza na kuugua Januari, wiki ya kufungua shule. Nakiri hapa kosa langu: miaka yangu ya kwanza ya kazi nililetewa msichana wa miaka mitano mwenye homa na kikohozi, nikaandika dawa ya kifua. Mama yake alikuwa ameshika kitasa cha mlango alipoguta, "Tangu turudi Siaya hajala vizuri." Nilimrudisha, tukampima damu. Ilikuwa malaria, na kesho yake pengine ingekuwa imepanda kichwani. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza Januari ni, "Mlikwenda wapi?" Usingoje niulize. Sema wewe, na umtake daktari apime damu siku hiyo hiyo.

Mwaka huu tutasafiri tena. Gari ni langu, viti ni saba, na watu ni saba. Watoto wa dada wana viti vyao, kimoja ni cha kuazima. Dada hukaa safu ya kati, na kabla sijawasha injini yeye huwapitia wote mmoja mmoja, akivuta kila mkanda kwa mkono wake, hata wangu. Maseno tutasimama kama kawaida. Mama sasa ana miaka 74, na magoti yanamsumbua, kwa hivyo kila mwaka namwambia akae mbele ambako kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Hunishukuru, halafu huzunguka gari na kufungua mlango wa nyuma. Tangu usiku ule hajawahi kukaa kiti cha mbele.